Tawi Halianguki Ghafla

Tawi lenye uzito wa kilo 50 likikatika mita 10 juu ya ardhi, hufika chini kabla ya sekunde moja na nusu kutimia. Hutua likiwa na mwendo wa kilomita 50 kwa saa, mwendo uleule ambao dereva anaruhusiwa kwenda nao ndani ya mji. Lakini gari mtu huliona likija, akalipisha. Tawi humjia kutoka juu ya utosi, naye mara nyingi amekaa kwenye benchi, amesinzia juu ya pikipiki au ameinamia sufuria ya maharage.

Dodoma ina sababu ya kulifikiria jambo hili kuliko miji mingi ya Tanzania, kwa kuwa hapa kivuli ni mahali pa kazi. Kati ya Septemba na Novemba, jua linapouwakia uwanda huu ulioinuka zaidi ya mita 1,100 kutoka usawa wa bahari, biashara ya nje haiwezekani bila mti. Bodaboda wanapaki chini ya mwarobaini. Mama lishe anatega mafiga chini ya mjohoro. Fundi cherehani, kinyozi, muuza vocha, abiria wanaosubiri daladala, wazee wanaocheza bao, kila mmoja ana mti wake. Ukienda vijijini, Chamwino, Bahi au Kongwa, mkutano wa hadhara unaitishwa chini ya mkungugu au mbuyu, na watoto wa shule hula uji wao hapohapo. Mti mkubwa mjini au kijijini saa saba mchana ni nadra sana kuukuta peke yake.

Hilo ndilo linalobadilisha hesabu. Wataalamu wa miti ya mijini hawaulizi tu kama tawi ni bovu. Wanauliza pia ni kubwa kiasi gani, na nani anakaa chini yake, kwa muda gani. Tawi lililokauka katikati ya pori la Itigi likianguka limewapa wadudu chakula, basi. Tawi hilohilo likiwa juu ya kijiwe chenye watu kumi na wawili kuanzia saa moja asubuhi hadi magharibi, ni jambo la kushughulikiwa leo.

Siandiki haya ili watu waanze kuogopa miti. Nchini Uingereza, ambako vifo vya namna hii huhesabiwa, watu wanaouawa na miti au matawi yanayoanguka ni kama sita kwa mwaka, katika nchi yenye watu zaidi ya milioni 60. Barabara ya Morogoro inaua zaidi ya hapo. Lakini Uingereza mti wa barabarani una mtu anayeujua na kuukagua. Wa kwetu, wengi wetu tunaujua kwa kivuli chake tu, na siku unapotupa tawi tunasema ni ajali, ni kudra ya Mungu. Mimi naona karibu kila mara ilikuwa kazi ya mikono ya watu, iliyoanza miaka mingi kabla ya ule upepo.

Tuanze na upepo wenyewe, maana kila mtu huutaja kama mkosaji. Uwanda wa kati una msimu mmoja tu wa mvua. Mamlaka ya Hali ya Hewa huziita Mvua za Msimu, kuanzia Novemba hadi Aprili, na Dodoma hupata wastani wa milimita 550 hadi 600 kwa mwaka mzima. Kabla ya hapo ni ukame wa miezi sita au saba, na mti uliokaa kiu muda wote huo una matawi mengi yaliyokwisha kufa juu ambayo hakuna aliyeyatazama. Kisha siku moja ya mwisho wa Novemba wingu jeusi linasimama upande wa mashariki. Mvua ya ngurumo hutanguliwa na hewa baridi inayoporomoka kutoka wingu hilo na kusambaa ardhini kwa kasi. Hiyo ndiyo inayoinua lile vumbi jekundu linalofunga madirisha ya mji mzima dakika chache kabla ya tone la kwanza. Kasi ya upepo ikiongezeka mara mbili, msukumo wake kwenye mti huongezeka mara nne. Majani mapya yamekwisha chipua, sasa yanalowa na kuongeza uzito. Mkrismasi, ambao mbao yake ni dhaifu na mizizi yake haizami sana, uko katika maua yake yote wakati huohuo. Ndiyo sababu dhoruba za mwanzo wa msimu huvunja matawi mengi: zinakuta yote yaliyokuwa yakingoja tangu Mei.

Mikaratusi ina tabia nyingine ambayo inafaa ijulikane, hasa na walimu, kwa kuwa shule nyingi zimepandwa mti huu. Huweza kuangusha tawi bichi, lenye majani ya kijani, katika alasiri ya joto kali isiyo na upepo hata kidogo. Australia, ambako mti huu umetoka, jambo hilo linajulikana vizuri, ingawa wataalamu bado wanabishana juu ya sababu yake. Si mikaratusi peke yake. Mwaka 2012, katika bustani ya Kew mjini London, mahali ambapo pengine miti inatunzwa kuliko popote duniani, tawi la mwerezi wa Lebanoni lilikatika na kumuua mwanamke aliyekuwa akipita. Kwa hiyo benchi la kudumu au darasa la nje halifai kuwekwa chini ya mkaratusi mkubwa. Kuna miti mingine ya kukaa chini yake.

Sasa nije kwenye mikono ya watu. Tazama mjohoro wowote uliokatwa kichwa miaka mitano au sita iliyopita. Mitaani imejaa. Shina linapanda hadi usawa wa paa, kisha linaishia kwenye kisiki bapa, na kuzunguka ukingo wa kisiki hicho yamechomoza matawi kumi au kumi na tano yaliyonyooka kwenda juu, mengine yamefikia unene wa paja la mtu. Ukiwa mbali unaona mti uliojaza na kupendeza. Panda ngazi utazame pale yalipoanzia. Katikati ya kisiki pameoza, pamekaa maji ya msimu uliopita na majani makavu. Ubavuni kuna uyoga mgumu, wa kahawia, umeng'ang'ania gome. Mchwa wamejenga njia yao ya udongo kutoka chini hadi kwenye kidonda. Na kila tawi kati ya yale kumi na tano limeshika ukingo tu.

Tawi la asili huanza pamoja na shina likiwa changa, na kila mwaka mbao ya shina huota kulizunguka, hadi kitako chake kinakuwa ndani kabisa ya mti. Tawi lililochipua baada ya mti kukatwa kichwa halina kitako cha namna hiyo. Limeshikiliwa na tabaka la nje peke yake, na hukua haraka kwa sababu mti umepoteza majani yake yote na unayatafuta tena kwa njaa. Miaka inavyokwenda mzigo unaongezeka na mshiko unaoza. Siku linapong'oka, linatoka na kipande cha gome na unga wa mbao iliyooza. Yule aliyeukata mti kichwa akidhani anapunguza hatari, ndiye aliyeitengeneza.

Na bado huu ndio ukataji tunaouona kila mahali, kwa sababu anayeitwa kukata mti ni kijana yeyote mwenye panga na ujasiri wa kupanda. Anakata anapofikia. Anaacha visiki vya nusu mita ambavyo mti hauwezi kuvifunika, au anakata kwa kuubana mno hadi anachuna gome la shina. Mkato sahihi unajulikana na si mgumu kufundisha. Pale tawi linapoungana na shina kuna uvimbe mdogo wenye mikunjo ya gome, na humo ndimo mti unamoweka kinga yake dhidi ya kuoza. Unakata nje kidogo ya uvimbe huo bila kuugusa. Kwa tawi zito unatangulia kukata kwa chini, mbali kidogo na shina, kisha unakata kwa juu mbele kidogo ya hapo ili tawi lidondoke bila kuchana gome, halafu unamalizia kile kipande kilichobaki. Mikato mitatu, msumeno mkali, kamba, na mtu wa chini anayezuia wapita njia.

Njia za umeme zina habari yake. Mti ukisafishwa upande mmoja tu mwaka baada ya mwaka, uzito wote unahamia upande wa pili, na upande huo mara nyingi ndio wenye watu. Afadhali kupanda chini ya nyaya miti mifupi tangu mwanzo.

Kuna majeraha mengine yasiyoonekana kuwa majeraha. Taka zinafagiliwa na kuchomwa kwenye kitako cha mti, moto unaua gome la upande mmoja, na kutoka hapo fangasi wanaingia. Mwarobaini unabanduliwa gome kwa ajili ya dawa, leo kipande na wiki ijayo kipande, hadi umezungukwa. Halafu kuna mitaro. Tangu Rais John Magufuli alipotangaza Julai 2016 kwamba serikali inahamia Dodoma, mji huu umechimbwa kuliko wakati wowote katika historia yake: mabomba ya maji, nyaya za mawasiliano, mifereji, barabara zilizopanuliwa. Mizizi mingi ya mti iko katika mita moja ya juu ya udongo, na mtaro unaopita karibu na shina unakata ile yote ya upande huo kwa asubuhi moja. Mti haufi hapohapo. Unaendelea kuchanua msimu huu na ujao, juu unaanza kukauka taratibu, na mvua kubwa ya mwaka wa tatu inaukuta umesimama kwa mguu mmoja. Wakati huo mkandarasi amekwisha lipwa na kuondoka.

Miti kongwe zaidi katika uwanda huu ina hatari ya aina yake. Tabora ina miembe iliyopandwa enzi za misafara ya karne ya 19, na mwembe mzee huweza kuwa mtupu ndani huku ukizaa kila mwaka, kwa kuwa sehemu iliyo hai ni lile tabaka jembamba chini ya gome. Utupu peke yake si hukumu ya kifo. Shina lililo wazi ndani linaweza kuwa imara kama bomba la chuma, mradi ukuta wake ni mnene na hauna ufa. Ufa ndio wa kutafuta, pamoja na panda yenye umbo la V iliyobana gome katikati yake, na udongo ulioinuka upande mmoja wa shina. Mbuyu nao una namna yake ya kufa. Mbao yake ni nyuzi laini zilizojaa maji. Ukioza hauvunjiki, unaporomoka wenyewe kwa wenyewe. Mwaka 2018 watafiti wakiongozwa na Adrian Patrut waliandika katika jarida la Nature Plants kwamba mibuyu 9 kati ya 13 iliyo mizee kuliko yote waliyoichunguza, ya kusini mwa Afrika, ilikuwa imekufa au sehemu zake kongwe zimeanguka katika kipindi cha miaka 12. Walidhani mabadiliko ya tabianchi yamechangia. Mibuyu ya huku kwa Wagogo haikuwa katika orodha hiyo, lakini inaishi katika joto linalopanda vilevile.

Najua jibu la haraka la viongozi wengi wa mitaa wakisoma hadi hapa: ikatwe. Uwanda huu umekwisha jaribu jibu hilo. Mwaka 1947 Waingereza walifika Kongwa na mradi wao mkubwa wa karanga, wakaburuta minyororo kati ya matrekta kufyeka vichaka, wakapambana na mibuyu iliyokataa kung'oka na nyuki wake waliowafukuza wafanyakazi. Mwaka 1951 mradi ulikuwa umekwisha, fedha zimepotea, na ardhi iliyofyekwa imekauka ikawa ngumu. Kondoa nako, katika vilima vya Irangi, miti na majani yalipokwisha udongo wenyewe uliondoka, makorongo yakafunguka. Serikali ilianzisha mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, HADO, mwaka 1973, na mwaka 1979 ikalazimika kuondoa mifugo yote katika eneo la kilomita za mraba 1,256 ili nchi ipone. Watu wanaoishi hapa wana haki ya kukasirika wakiona mwembe mzima unaangushwa kwa sababu ya tawi moja.

Na miti inazidi kupandwa, kama inavyotakiwa. Desemba 2017 Samia Suluhu Hassan, wakati huo Makamu wa Rais, alizindua hapa kampeni ya kuifanya Dodoma ya kijani. Shule, wizara, makanisa, misikiti na kambi za jeshi zikapanda. Nafikiri ni moja ya mambo mema kabisa yaliyofanyiwa mji huu. Ila hatari ya mwaka 2040 inaandaliwa kwenye kitalu cha leo. Mche uliokaa mno kwenye kiriba mizizi yake hugonga ukuta wa plastiki na kuanza kujizungusha. Mpandaji akiutumbukiza shimoni na kiriba chake, au akakitoa bila kukata ile mizizi iliyojiviringa, mti utakua kwa duara lilelile. Juu utakuwa mrefu, chini utakuwa umejinyonga. Na kwenye udongo wetu wenye tabaka gumu chini, ukimwagiwa kopo moja la maji kila jioni, mizizi haina sababu ya kushuka. Bora ndoo mbili mara moja kwa wiki, shimo likiwa limechimbwa pana na tabaka gumu limevunjwa. Mwanafunzi anayepanda mche siku ya sherehe anaweza kuonyeshwa hayo kwa dakika tano, kabla hotuba hazijaanza.

Mwaka uleule wa 2017 dunia ilipata mafunzo matatu machungu. Machi 19, nchini Ghana, mti uliangushwa na dhoruba kwenye maporomoko ya Kintampo ukawaangukia vijana waliokuwa wakiogelea, wengi wao wanafunzi. Waliokufa hawakupungua 18. Agosti 15, kisiwani Madeira, mwaloni mzee uliangukia umati uliokusanyika kwa sikukuu ya Bikira Maria, ukaua watu 13. Na Februari 11, katika Bustani ya Mimea ya Singapore, mti wenye umri wa zaidi ya miaka 270 na urefu wa mita 40 ulimuua mwanamke mmoja, ingawa ulikuwa umekaguliwa miezi michache kabla na kuonekana mzima.

Hili la Singapore linatuhusu zaidi, kwa sababu ule nao ni mji uliopandwa miti kwa makusudi, kuanzia mwaka 1963 Waziri Mkuu Lee Kuan Yew alipoanzisha kampeni yake. Tukio la bustanini linaonyesha kwamba ukaguzi hauondoi hatari yote. Lakini mwaka 2001 mji ule ulihesabu matukio takriban 3,100 ya miti kuanguka na matawi kukatika, na ndani ya miongo miwili yakashuka hadi chini ya 600. Hawakufanya hivyo kwa kukata miti yao. Wana wakaguzi waliosomea, kila mti wa barabarani una kumbukumbu zake, na matawi hupunguzwa kabla ya msimu wa dhoruba.

Sisi tuna Siku ya Taifa ya Kupanda Miti, ambayo kwa Dodoma huangukia mvua zikiwa zinaaga. Ningependa mji huu ujiwekee pia wiki moja ya Oktoba, wakati Mamlaka ya Hali ya Hewa inapotoa utabiri wa Mvua za Msimu, iwe wiki ya kutazama miti iliyokwisha kua. Haihitaji fedha nyingi. Mwenyekiti wa mtaa na mabalozi wake wanajua vijiwe vyote, shule zote, stendi zote. Watembee, watazame juu, waandike: tawi lisilo na majani wakati mengine yamechipua, ufa kwenye panda, uyoga shinani, gome lililobanduka. Orodha iende kwa afisa misitu wa jiji, naye aamue lipi linakatwa wiki hiyo na lipi linasubiri.

Ugumu utakuja kwenye swali la mti ni wa nani. Mti wa barabara kuu uko kwenye hifadhi ya TANROADS, wa barabara ya mtaa uko kwa TARURA, ulio chini ya nyaya TANESCO wanahusika, wa uwanja wa shule ni wa halmashauri, wa uani kwako ni wako. Kukata kunahitaji kibali, na ni sawa kihitajike. Lakini mwananchi anayetaka kuripoti tawi lililokauka asilazimike kujua ramani yote hiyo. Apelekee taarifa ofisi ya serikali ya mtaa kwa maandishi, akabaki na nakala yenye mhuri na tarehe. Barua hiyo ina uzito, kwa sababu baada yake hakuna mwenye mti anayeweza kusema hakujua.

Wakati tunasubiri, wenye vijiwe wanaweza kufanya lao. Benchi likihamishwa mita tatu kutoka chini ya tawi bovu, kivuli bado kipo. Upepo wa vumbi ukianza, watu watoke chini ya mti waende penye paa, wala wasirudi kujikinga na mvua, kwa kuwa radi nayo inaupenda mti mrefu. Upepo ukipita, kwanza watazame juu kama kuna tawi lililokatika likanasa kati ya mengine. Hilo linaweza kukaa huko siku nne na kuanguka siku ya tano, mchana mtulivu, watu wamekwisha sahau. Na tawi lililolalia waya wa umeme lisiguswe hata kwa mti mkavu wala kuvutwa kwa kamba: watu wakae mbali, watoto wazuiwe, waitwe watu wa umeme, na kama kuna aliyenasa, Zimamoto kwa namba 114.